Farasi Ale Nini: Malisho, Nyasi Kavu za Rhodes, Lusini au Nafaka?

Ukifuga farasi Karen, Nanyuki, Naivasha au Usa River, umezungukwa na watu wanaojua ng'ombe. Duka la pembejeo limejaa chakula cha ng'ombe wa maziwa, jirani ana shamba la mabingobingo, na saisi (mtunza farasi) wako mwenyewe huenda alikua akichunga ndama. Farasi akikonda, ushauri unaokuja haraka ni ule uliomnenepesha ng'ombe: mwongezee pumba, mkatie mabingobingo, mtilie kopo la chakula cha maziwa horini. Wanaoshauri hivyo wana nia njema na uzoefu wa kweli. Lakini tumbo la farasi limeumbwa vingine, na baadhi ya vyakula vinavyomjaza ng'ombe maziwa humdhoofisha farasi mifupa, na vingine humuua.

Hapa nalinganisha vyakula vinne ambavyo mfugaji wa Kenya na Tanzania anaweza kuvipata kweli: malisho ya nyasi mbichi, nyasi kavu za Rhodes, lusini (wengine huiita alfalfa), na nafaka pamoja na pumba zake. Farasi wengi huishia kula mchanganyiko wa viwili au vitatu. Swali ni kipi kiwe msingi, kipi kiwe nyongeza, na kwa kiasi gani.

Vigezo vya kulinganisha

Tuanze na tumbo, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Ng'ombe huchachusha chakula mwanzoni, katika tumbo kubwa, kabla hakijafika kwenye utumbo. Kwa farasi mambo ni kinyume. Tumbo lake ni dogo, la lita 8 hadi 15 hivi kwa mnyama wa kilo 500, na uchachushaji hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huvunja nyuzinyuzi na kumpa nguvu.

Umbile hilo lina matokeo matatu. Kwanza, tumbo hutoa asidi usiku na mchana hata likiwa tupu, na mate yanayoipunguza makali hutoka pale farasi anapotafuna tu. Anayekaa saa nyingi bila kitu mdomoni hupata vidonda vya tumbo. Pili, wanga ukizidi katika mlo mmoja hupita utumbo mwembamba kabla ya kumeng'enywa, ukafika nyuma na kuchacha kwa ghafla. Hapo huzaliwa msokoto wa tumbo, ambao masaisi wengi huuita koliki, na laminaiti, uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlemaza mnyama maisha yake yote. Tatu, farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kosa la horini halirudi lilikotoka.

Basi kila chakula nitakipima kwa mambo matano: kinavyolitendea tumbo, nguvu na protini, madini (hasa uwiano wa kalsiamu na fosforasi), hatari zake, na urahisi wa kukipata na kukihifadhi. Kisha nitasema kinamfaa nani.

Kipimo cha kuanzia ni hiki. Farasi mzima wa kilo 500 asiye na kazi huhitaji kwa siku takriban megakalori 16 za nguvu, gramu 630 za protini, gramu 20 za kalsiamu na gramu 14 za fosforasi. Hayo ni makadirio ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, NRC, ya mwaka 2007, yanayotumiwa na wataalamu wa lishe ya farasi katika nchi nyingi. Nyasi ziwe asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa hesabu ya chakula kikavu kabisa, yaani kilo 8 hadi 11 za nyasi kavu kwa farasi huyo. Kalsiamu isiwe pungufu ya fosforasi kamwe. Uwiano mzuri ni 1.5 au 2 za kalsiamu kwa 1 ya fosforasi.

Kama huna mizani ya mifugo, chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, yote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzingo wa 180 na urefu wa 165 ana kilo 450. Si sahihi kama mizani, lakini ni bora mara nyingi kuliko jicho, kwa sababu jicho hudanganywa na tumbo lililojaa nyasi.

1. Malisho ya nyasi mbichi

*Tumbo.* Hakuna kinacholifaa zaidi. Farasi aliyeachiwa uwanjani hula kwa saa 16 hivi kwa siku, kidogo kidogo huku akitembea, na mwendo huo husaidia utumbo kufanya kazi. Farasi wa malisho hapati vidonda vya tumbo na koliki kwa kiwango cha yule anayefungiwa bandani.

*Nguvu na protini.* Baada ya masika nyasi changa humtosha farasi mzima na kuzidi. Kiangazi zikishakauka zimesimama, zinajaza tumbo bila kulisha mwili. Faida moja hupatikana hapa tu: nyasi za kijani zina vitamini E nyingi, ambayo hupotea haraka nyasi zikikaushwa.

*Madini.* Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu ni jambo letu hasa na haliwasumbui wafugaji wa Uingereza ambao vitabu vyao ndivyo tunavyovisoma. Nyasi ya kikuyu, asili yake nyanda za juu za Afrika Mashariki, ina oksaleti nyingi, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani. Setaria, mabingobingo na nyasi ya gini ziko hivyo pia. Oksaleti huishika kalsiamu ndani ya jani, ikawa punje ambazo utumbo mwembamba wa farasi hauwezi kuzivunja. Ng'ombe ana bakteria wanaoivunja oksaleti mapema, tumboni, kabla kalsiamu haijafika inapofyonzwa. Wa farasi wako nyuma. Kalsiamu inaachiliwa ikiwa imeshapita mahali pake. Nyasi inaweza kupimwa maabara ikaonekana na kalsiamu ya kutosha, na farasi bado akakaa na njaa yake.

Mwili ukiikosa kalsiamu huichota mifupani. Farasi huanza kuchechemea mguu huu leo na ule wiki ijayo, bila jeraha. Hutembea amekakamaa, hukonda ingawa nyasi zimejaa, na mwishowe mifupa ya uso huvimba pande zote mbili. Ndiyo maana huitwa ugonjwa wa kichwa kikubwa. Unaweza kuchukua miezi kadhaa kujitokeza, na kipimo cha damu mara nyingi huonyesha kalsiamu ya kawaida kwa sababu damu imeshajazwa kutoka kwenye mifupa. Walioeleza jambo hili kwa kina ni watafiti wa Queensland, Australia, ambako nyasi zetu zilipelekwa kuwa malisho, ikiwamo setaria ya Nandi kutoka Kenya. Huko ng'ombe walistawi na farasi wakaumwa mifupa.

Maana yake si kwamba uwanja wa kikuyu ung'olewe. Maana yake ni kwamba farasi anayeishi kwa kikuyu peke yake lazima aongezewe kalsiamu, kwa lusini au kwa madini ya chokaa ya mifugo, kila siku na bila kungoja dalili.

*Hatari.* Minyoo, hasa farasi wengi wakibanana uwanja mdogo; kuokota mavi mara mbili kwa wiki hupunguza minyoo kuliko watu wanavyodhani. Mimea ya sumu nayo ipo, kama lantana na baadhi ya jamii za Crotalaria zinazoharibu ini. Farasi huiacha mimea hiyo nyasi zikiwapo, na kuila nyasi zikiisha. Na farasi mnene kwenye nyasi changa za mvua yuko karibu na laminaiti.

*Upatikanaji.* Ardhi ndiyo bei yenyewe. Uwanja usiopumzishwa hugeuka vumbi, na vumbi likiliwa hukaa utumboni kama mchanga.

*Anayefaa.* Farasi anayekua (akiongezewa kalsiamu), aliyestaafu, aliye na historia ya vidonda vya tumbo, na yeyote aliye na nafasi. Asiyefaa kuachiwa siku nzima ni mnene au aliyewahi kuugua kwato.

2. Nyasi kavu za Rhodes

*Tumbo.* Zinamtafunisha kwa muda mrefu, na zinakuwezesha kugawa chakula cha siku ili asikae usiku mzima bila kitu. Kwa farasi wa bandani, huu ndio msingi.

*Nguvu na protini.* Inategemea siku zilipokatwa. Rhodes iliyokatwa inapoanza kutoa maua ina protini ya asilimia 9 hadi 12. Ikiachwa hadi mbegu zikomae, ili mkulima auze mbegu kwanza na nyasi baadaye, hushuka chini ya 7. Fanya hesabu: kilo 10 zenye asilimia 8 zinampa farasi gramu 800 za protini, zaidi ya anachohitaji; kilo 10 zenye asilimia 6 zinampa 600, na amepungukiwa ingawa hori limejaa. Robota zote mbili zinaweza kuuzwa bei moja sokoni. Tazama mashina: membamba, yenye majani mengi na ukijani, ndiyo mazuri. Mashina manene ya manjano yenye vichwa vya mbegu vilivyopukutika ni ya kumshibisha farasi mnene.

*Madini.* Rhodes ina oksaleti kidogo, na hilo peke yake linaiweka juu ya kikuyu na mabingobingo kama chakula cha kila siku. Kalsiamu yake humtosha farasi mzima asiyefanya kazi kubwa. Kuhusu chumvi, farasi wa kilo 500 aongezewe gramu 25 hivi za chumvi ya kawaida kwa siku, na zaidi akitoka jasho.

*Hatari.* Ukungu na vumbi. Nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu hupata joto na ukungu ndani ya robota, na farasi akivuta hewa hiyo huanza kukohoa na kupumua kwa shida. Fungua robota, nusa, litikise juani. Ikitoka moshi mweupe au harufu ya uvundo, itupe, usiigawie punda. Ikiwa ni vumbi dogo tu, loweka nyasi majini kwa dakika 10 hadi 30 kabla ya kulisha.

*Upatikanaji.* Kwa farasi wa kilo 500 unahitaji kilo 300 hivi kwa mwezi. Robota likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 20, lakini pima machache kwa mizani kabla ya kununua gari zima, kwani uzito hutofautiana sana kutoka mashine hadi mashine. Nunua baada ya mvua, nyasi zikiwa nyingi. Anayengoja Februari hulipa bei ya kiangazi. Hifadhi juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.

*Anayefaa.* Karibu kila farasi mzima kama msingi. Peke yake haimtoshi jike anayenyonyesha, mtoto anayekua wala farasi wa mashindano.

3. Lusini

*Tumbo.* Jani laini, linalopendwa. Kalsiamu na protini yake hupunguza makali ya asidi ya tumbo; utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M juu ya farasi wachanga walio kwenye mazoezi ulionyesha vidonda vya tumbo vichache kwa waliokula lusini kuliko kwa waliokula nyasi kavu za bermuda. Kiganja kikubwa cha lusini kabla ya kutandika kina maana kubwa kuliko inavyoonekana.

*Nguvu na protini.* Protini asilimia 17 hadi 20, na nguvu zaidi kwa kilo kuliko Rhodes. Ndiyo sababu haifai kuwa chakula pekee cha farasi asiye na kazi: atakula haraka, atanenepa, kisha atakaa saa nyingi bila cha kutafuna. Protini inayozidi hutolewa kwa mkojo, kwa hiyo farasi hunywa maji mengi na banda hunuka amonia. Lifungue lipate hewa.

*Madini.* Hapa lusini haina mpinzani. Kilo moja ina gramu 13 hivi za kalsiamu na fosforasi kama gramu 2. Farasi wa uwanja wa kikuyu akipewa kilo 2 kwa siku amepata kalsiamu inayozidi mahitaji yake ya kawaida, katika umbo analoweza kulifyonza.

*Hatari.* Ni chache ikipimwa. Ikiwa msingi wa chakula kwa miaka, huweza kuchangia mawe ya utumbo, tatizo linalojulikana sana California. Lusini mbichi iliyokatwa ikarundikwa hupata joto haraka; ikaushe au ilishe siku hiyohiyo.

*Upatikanaji.* Ni ghali, na inahitaji udongo usiotuamisha maji pamoja na umwagiliaji. Huko Oman hupandwa kwenye mashamba ya falaji (mifereji ya jadi ya umwagiliaji) chini ya mitende, hukatwa na kuota tena mara nyingi kwa mwaka. Mfugaji wa Naivasha au wa miteremko ya Meru mwenye kipande kidogo chenye maji anaweza kujitosheleza kwa farasi mmoja au wawili. Ikikaushwa vibaya majani hupukutika na kubaki vijiti, na lishe iko kwenye majani.

*Anayefaa.* Jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha, mtoto, farasi wa kazi nzito, farasi mzee aliyekonda, na yeyote anayeishi kwa nyasi zenye oksaleti. Ni nyongeza bora. Kwa farasi mnene ni ya kiganja tu.

4. Nafaka na pumba

*Tumbo.* Hapa ndipo farasi wengi wanapoumizwa kwa upendo. Wanga katika mlo mmoja usizidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa farasi. Gramu 2 ndiyo kikomo ambacho hakuna sababu ya kukikaribia. Mahindi ni wanga kwa asilimia 70 hivi. Gorogoro moja la mahindi, lile kopo la kupimia sokoni Kenya, lina kilo 2 hivi, yaani gramu 1,400 za wanga. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni karibu gramu 3 kwa kilo, kwa mlo mmoja. Tena wanga wa mahindi yasiyopikwa humeng'enywa vibaya kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo sehemu kubwa hufika nyuma na kuchacha. Oti zina wanga wa asilimia 40 hadi 45, na humeng'enywa vizuri zaidi. Kama lazima nafaka iwepo na pesa inaruhusu, mimi nachagua oti. Kama ni mahindi, yawe yamepikwa, na yasizidi nusu kilo kwa mlo.

Na pima kwa mizani, si kwa kopo. Kopo la mahindi ni zito zaidi sana kuliko kopo hilo la oti, na lina nguvu zaidi kwa kila kilo. Saisi akibadilishiwa nafaka bila kubadilishiwa kipimo ataongeza chakula bila kujua, na kosa litakuwa la aliyempa kopo.

*Nguvu na protini.* Nguvu nyingi kwa ujazo mdogo. Hiyo ndiyo faida yake halisi kwa farasi anayetumia zaidi ya anachoweza kutafuna kwa siku.

*Madini.* Pumba za ngano ni kinyume cha lusini. Kilo moja ina fosforasi gramu 11 hivi na kalsiamu gramu 1 tu. Fosforasi ikizidi huzuia kalsiamu kufyonzwa, na mwisho wake ni ugonjwa uleule wa kichwa kikubwa. Pumba za mahindi zina mwelekeo huohuo. Farasi wa kikuyu anayepewa pumba kila siku anapigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ukiwa na mazoea ya pumba, kilo moja ya pumba ikae na angalau kilo moja ya lusini: kalsiamu gramu 14 kwa fosforasi 13, usawa wa kuponea tu.

*Hatari.* Mbili ni za kuua. Ya kwanza ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Afrika Mashariki tunaijua kwa uchungu. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kwa farasi kuna nyingine, fumonisini, inayotoka kwenye ukungu wa mahindi na kuozesha ubongo. Hakuna mnyama wa kufugwa anayeumizwa nayo kama jamii ya farasi: hupoteza mwelekeo, hugonga ukuta kwa kichwa, hufa. Mahindi yaliyokataliwa jikoni yasipelekwe bandani.

Ya pili ni monensini, dawa inayotiwa katika baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe. Ng'ombe huivumilia. Kwa farasi, miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito zinaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana chakula cha ng'ombe wa maziwa au cha kuku kisiingie kwenye hori la farasi, hata siku ile chakula chake kimekwisha na duka limefungwa. Siku hiyo mpe nyasi tu.

*Upatikanaji.* Rahisi kuliko vyote, na ndiyo sababu hutumiwa kupita kiasi. Chakula cha farasi cha kiwandani ni ghali zaidi kuliko kuchanganya mwenyewe, lakini madini yake yamesawazishwa. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye gunia: ukitoa nusu ya kiasi hicho, umetoa pia nusu ya madini.

*Anayefaa.* Farasi wa mbio, wa polo, wa safari ndefu, na jike anayenyonyesha asiyeshikilia mwili kwa nyasi na lusini. Farasi wa kupandwa Jumamosi na Jumapili kwa kawaida hahitaji nafaka yoyote.

Vinavyobaki nje

Sileji ya ng'ombe (majani yaliyochachushwa) iachwe iliwe na ng'ombe. Farasi ni mwepesi sana wa kudhurika na sumu ya botulizimu. Mabingobingo yanaweza kumvusha siku chache za shida yakiwa machanga na yamekatwakatwa, pamoja na lusini. Si chakula cha msimu.

Kwa hali yako

*Farasi mzima wa kupandwa mara mbili tatu kwa wiki, nyanda za juu.* Rhodes nzuri kilo 9 au 10, chumvi, maji safi lita 25 hadi 50 kulingana na joto, na uwanja mchana ikiwezekana. Uwanja ukiwa wa kikuyu, ongeza lusini kilo 1 au 2.

*Jike anayenyonyesha.* Mwezi wa kwanza wa kunyonyesha, jike wa kilo 500 huhitaji gramu 59 hivi za kalsiamu na kilo moja na nusu ya protini, karibu mara tatu na mara mbili na nusu ya kawaida yake. Rhodes peke yake haiwezi. Mpe Rhodes kadiri atakavyo, lusini kilo 3 au 4, kisha chakula cha kiwandani cha farasi wanaozaa, kikigawanywa kwa milo mitatu.

*Farasi wa mbio za Ngong au polo ya Gilgil.* Nyasi zisishuke chini ya asilimia 1.5 ya uzito hata wiki ya mashindano. Kupunguza nyasi ili awe mwepesi ni njia ya haraka ya kupata vidonda vya tumbo. Lusini kilo 2, sehemu yake kabla ya mazoezi. Oti kwa milo mitatu au minne midogo. Siku ya mapumziko, nafaka ipunguzwe kwa nusu au zaidi.

*Farasi wa pwani.* Diani na Mombasa tatizo ni joto na unyevu. Nyasi kavu husafirishwa kutoka bara na hushika ukungu upesi, kwa hiyo nunua kidogo kidogo na mara nyingi. Chumvi iongezwe. Farasi aliyeacha kutoa jasho huku akihema, msimamishe kazi na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

*Farasi mnene au aliyewahi kuugua laminaiti.* Rhodes iliyokomaa, iliyolowekwa, asilimia 1.5 ya uzito, kwenye wavu wenye matundu madogo ili ale kwa muda mrefu. Nafaka hapana. Madini bado anayahitaji.

*Punda.* Punda wa Lamu au wa Maralal hula kama asilimia 1.3 hadi 1.7 ya uzito wake, na ameumbwa kwa nyasi duni. Nyasi zilizokomaa na mabua safi humtosha asipobeba mizigo mizito. Lusini na nafaka humnenepesha shingo na kumlemaza kwato. Usimkondeshe kwa kumnyima chakula ghafla, kwa sababu mafuta yake hufurika kwenye damu na kumuua.

*Unapobadilisha chakula chochote.* Siku 7 hadi 14, robo kwa robo. Bakteria wa utumbo mpana huhitaji muda huo.

*Farasi aliyekonda kwa njaa.* Umemnunua au umemwokoa, mbavu na mifupa ya kiuno vimetokeza. Tamaa ya kumjazia nafaka ni kubwa, na nafaka ndiyo inayoua katika siku za kwanza: sukari ikipanda ghafla, fosforasi, magnesiamu na potasiamu hukimbilia ndani ya seli, na moyo husimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipata kwamba lusini ndiyo salama zaidi, kwa kuwa ina wanga kidogo na madini hayo kwa wingi. Anza na nusu kilo hivi kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa siku tatu. Kisha ongeza kiasi cha kila mlo polepole huku ukipunguza idadi ya milo, hadi baada ya siku kumi ale kadiri apendavyo. Chumvi na minyoo vijadiliwe na daktari wa mifugo mwili ukishaanza kupata nguvu, na nafaka isubiri hadi mwezi mzima upite. Kurudisha uzito wake wote kutachukua miezi mitatu hadi mitano, na meno yake yakaguliwe ndani ya muda huo, kwani huenda njaa yenyewe ilianzia hapo.